Pasipojazwa

Miaka thelathini na mmoja forodhani Lamu
nilijaza fomu: mzigo gani, wa nani, kilo ngapi.
Nafasi tupu ilikuwa kosa.
Palipokosa neno tulipiga mstari
mwizi asije akapata pa kuandika.

Nilipostaafu, Rukiya wa dada yangu
akaniletea kisanduku cha rangi za maji,
vidonge kumi na viwili kama peremende zilizolambwa,
na brashi moja.
"Jaribu, mjomba. Mkono wako unalilia kalamu."

Basi nakaa darini, Langoni,
nautazama ukuta wa Bi Somo Shee.
Ukuta tu. Chokaa juu ya matumbawe,
mlizamu wa mbao unaotema maji ya mvua,
chini yake doa la kijani, refu kama ndevu,
na kivuli cha saa tatu kimeukata mshazari.

Karatasi ya kwanza, kivuli kilikaa.
Mchovyo mmoja, buluu na hudhurungi kidogo,
maji yakatembea kwa miguu yao.
Kisha nikaona ukingo haukunyooka.
Nikarudi. Nikaongeza. Kikawa kizito,
nikakifuta kwa kitambaa, nikarudi tena,
hata karatasi ikatoa nyuzi kama kanzu ya kale
na kivuli kikawa tope la mikokoni.

Ya pili niliupaka ukuta rangi nyeupe.
Rukiya alicheka mpaka akashika ukingo wa dari.
"Weupe haupakwi, mjomba. Unaachwa."

Unaachwa! Niambie mimi,
mtu niliyekaguliwa maisha yangu yote
kwa nilichosahau kujaza.

Fundi Lali alikuwa kwenye ngazi, kwa jirani,
anaziba nyufa, anatusikia.
"Chokaa nayo ni iyo iyo," akasema.
"Pitisha mwiko, pitisha tena, yang'aa.
Ukizidi, yakukasirikia, yabambuka yote.
Ikianda kukupendeza, toa mkono."
Akarudi kwenye mkate wake wa mofa.

Chovya chovya humaliza buyu la asali,
mama alituimbia hilo kila tulipokaribia kabati.
Nilidhani ni habari ya ulafi.
Sikujua na brashi ina ulimi.

Karatasi ya tatu sitaisimulia.
Nitasimulia siku niliyomwomba radhi Nuru.
Neno moja nililitamka mlangoni, likamfikia,
nililiona likikauka vizuri usoni pake.
Ningenyamaza hapo.
Lakini nikaongeza sababu, nikaongeza tarehe,
nani alikuwepo, nani shahidi,
nikaenda chumbani nikarudi na risiti.
Risiti!
Akaiangalia, akaniangalia,
akachukua buibui lake.
Siku hizi yuko Malindi, kwa mwanawe,
na salamu zake huja fupi, safi,
hazina doa la kuzidi.

Leo asubuhi, karatasi ya nne.
Nimelowesha, nimechovya, nimepitisha mara moja.
Maji yamekwenda nisikoyatuma:
ukingo umechanika kama jani la mgomba,
na pale kwenye mlizamu rangi imejikusanya
ikafanya giza ambalo nisingeliweza kwa kusudi.
Kidole kinaniwasha.
Kuna pembe, chini kulia, haina kitu.
Ndoo ilikuwepo pale, au paka, sikumbuki.
Ndoo ni mipigo miwili tu. Mitatu.

Nimeitia brashi mfukoni, mbichi hivyo hivyo,
nimeshuka kununua ndimu ambazo sizihitaji.
Nimesimama kwa muuzaji nikizichagua moja moja,
maji ya buluu yakinichirizika pajani,
naye kaniuliza kama ni mgonjwa.

Niliporudi, kivuli cha Bi Somo kilikuwa kimehama.
Changu kimekauka mahali pake.
Ile pembe bado tupu.
Ingekuwa forodhani ningepiga mstari.

Hata sahihi sijatia.